Mkataba unaisha Septemba, mfanyakazi anajifungua Novemba, mwajiri anasema "tutaona ukishajifungua". Tuanzie wapi?

KatibuTawi

Wakuu salaam. Naomba mawazo ya waliozoea mashauri ya kazi Tanzania Bara. Suala ni la mwanachama wa tawi letu, yuko kiwanda cha rangi, kitengo cha kuchanganya. Jina lake na la kiwanda nayaacha.

Hali ilivyo hadi leo, katikati ya Julai: anafanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, umeshaongezwa mara tatu, wa sasa unaisha 30 Septemba. Mimba ni ya wiki ya 22, kadi ya kliniki inaonyesha makisio ya kujifungua 15 Novemba. Msimamizi wa zamu alipogundua alimwambia kwa mdomo kwamba mkataba hautaendelea, "tutaona ukishajifungua". HR nao wamemshauri achukue likizo yake ya mwaka kuanzia Septemba mwanzoni ili imalizie mkataba. Bado anapangwa usiku, na bado yuko kwenye mapipa ya kuchanganyia. Barua hakuna hata moja, si ya kwake wala ya mwajiri.

Ninachotaka kujua ni mambo matatu. Je, mkataba wa muda ukifika mwisho mwajiri yuko salama hata kama sababu halisi ni mimba? Kuhusu usiku na kemikali, tudai nini na kwa maandishi gani? Na kama ikibidi kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), tunahesabu siku kuanzia lini?

---

HojaNaHati

Mkuu KatibuTawi, kwa sasa hamna mgogoro wa kuachishwa kazi, mna maneno ya mdomo tu. Msikimbilie Tume. Wiki hii kazi yenu ni kuhakikisha kila kilichosemwa kinaingia kwenye karatasi, na karatasi ya kwanza itoke kwenu.

Namba za vifungu nitakazotaja ni za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, toleo la 2019. Mkishika toleo jipya zaidi tafuteni kwa kichwa cha kifungu, msiende kwa namba peke yake.

Kifungu cha 33 kinamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kutarajia kujifungua, ikiambatana na cheti cha daktari. Kwa makisio ya 15 Novemba, siku ya mwisho ni 15 Agosti. Mna mwezi mmoja. Kadi ya kliniki msiitoe, ibaki kwa mama. Toeni nakala, halafu mwombe daktari aandike cheti kinachojitegemea chenye tarehe ya makisio, jina lake, namba yake ya usajili na mhuri wa kituo.

Barua iwe fupi namna hii:

"Mimi, mwenye namba ya ajira iliyotajwa hapo juu, kitengo cha kuchanganya, natoa taarifa chini ya kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kwamba ni mjamzito na natarajia kujifungua tarehe 15 Novemba, kama cheti cha daktari kilichoambatanishwa kinavyoonyesha. Nakusudia kuanza likizo ya uzazi tarehe 18 Oktoba na kurejea kazini tarehe 10 Januari. Naomba nisipangwe usiku kuanzia tarehe 15 Septemba. Aidha, kwa ushauri wa daktari, naomba kuanzia sasa nipangiwe kazi isiyonikutanisha na tina ya kuyeyushia rangi na viyeyusho vingine, bila kupunguziwa masharti ya ajira yangu."

Tarehe ya kurejea imewekwa makusudi ivuke 30 Septemba. Mwajiri akipokea barua inayosema mtu anarudi Januari na asikanushe, huko mbele atapata taabu kusema kwamba wote walijua kazi inaishia Septemba.

Siku baada ya barua hiyo, peleka ya pili, ya kuomba kuongezewa mkataba. Taja tarehe za mikataba yote iliyopita, sema kazi bado ipo na wenzake wa kitengo wanaendelea (kama ni kweli), na omba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Usitaje mimba humo. Akijibu kwa kuitaja yeye mwenyewe, atakuwa amekupa ushahidi ambao usingeupata kwa kumhoji.

Kila barua iwe nakala mbili. Ya kwenu igongwe mhuri wa "imepokelewa", iandikwe tarehe na jina la aliyepokea. Masjala wakigoma kugonga, tumeni kwa rejista ya posta na kwa barua pepe siku hiyohiyo na mtunze risiti.

Sasa swali lako la kwanza. Mimba peke yake hairefushi mkataba wa muda, na hapa wengi hujidanganya. Mkataba ukifika tarehe yake unaisha wenyewe. Lakini kifungu cha 36 kinahesabu kama kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuongeza mkataba wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utaongezwa. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, kanuni ya 4, zinamtaka mfanyakazi aonyeshe msingi wa matarajio hayo: mkataba kuongezwa huko nyuma, ahadi za mwajiri. Mara tatu ni msingi mzuri. Ukiwa na ujumbe wa msimamizi unaosema "mwakani utahamia mashine mpya" au jina lake kwenye ratiba ya mafunzo ya Oktoba, msingi unakuwa mgumu zaidi kuung'oa.

Mkishavuka hapo, kifungu cha 37 kinasema sababu inayohusiana na ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na kifungu cha 39 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. Kwa hiyo mlolongo wa hoja ni huu: kwanza mfanyakazi athibitishe matarajio, kisha mzigo uhamie kwa mwajiri. Mashauri mengi ya aina hii huanguka hatua ya kwanza, kwa sababu mlalamikaji alitumia nguvu zote kueleza uonevu na hakuleta mikataba ya zamani.

Jambo la pembeni: angalieni kama huo mkataba wa muda wenyewe unaruhusiwa kwa kazi yake. Kifungu cha 14 kinaweka mipaka ya nani apewe mkataba wa muda maalumu. Marekebisho ya 2025 yamepanua orodha, lakini mtu wa kuchanganya rangi kiwanda kinachozalisha mwaka mzima, miaka minne mfululizo, ni wa kuulizia.

---

DawatiLaRasilimali

Naongezea kutoka upande wa pili wa meza, kwa sababu najua faili la mwajiri litakavyojengwa.

Ushauri wa HR kuhusu likizo ya mwaka muukatae kwa maandishi. Kifungu cha 31 kinamkataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu mfanyakazi atumie likizo ya mwaka badala ya likizo nyingine anayostahili. Neno "kumruhusu" ni zito: hata mfanyakazi akikubali, bado haifai. Tena kifungu cha 41 kinazuia notisi ya kuachishwa kazi kutolewa mtu akiwa likizoni, au notisi kwenda sambamba na siku za likizo. Kumpeleka mtu likizo Septemba ili asiwepo wakati wa kuulizia mkataba ni mbinu ya zamani sana, na faida yake kwa mwajiri si zile siku 28 za likizo ya mwaka. Faida ni kwamba mtu hayupo kiwandani, haulizi, hapokei barua, na tarehe 1 Oktoba jina lake linafutwa getini kimyakimya.

Hoja mtakayokutana nayo Tume karibu hakika itakuwa "utendaji wake ulishuka". Jiandaeni mapema. Mwanachama aandike barua ya kawaida kuomba nakala za tathmini zake zote za utendaji na maonyo kama yapo. Mnachotafuta ni tarehe. Tathmini nzuri ya Februari na onyo la kwanza maishani lililoandikwa siku kumi baada ya barua ya mimba ni vitu viwili vinavyojieleza vikiwekwa bega kwa bega. Hoja nyingine itakuwa "tunapunguza wafanyakazi". Hapo kifungu cha 38 kina utaratibu wake: taarifa ya kusudio mapema, kueleza sababu, kushauriana na chama kuhusu vigezo vya kuwachagua watakaoondoka. Ukisikia upunguzaji unaomgusa mtu mmoja tu na huyo mmoja ni mjamzito, na tawi halijaitwa kikaoni, hapo hakuna upunguzaji.

Hesabu ya likizo ni siku 84 za malipo, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mkupuo. Ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo. Anaweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya makisio, yaani 18 Oktoba. Akianza siku hiyo, siku ya 84 ni 9 Januari. Akiwa na afya na akitaka kubaki zaidi na mtoto, aanze 8 Novemba, atamaliza 30 Januari. Hakuna anayemlazimisha kuanza wiki nne kabla. Kinachokatazwa ni kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Mwajiri analazimika kulipia likizo hizi mara nne kwa mfanyakazi mmoja, na mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa mama anastahili siku 84 nyingine za malipo. Anayejifungua mtoto njiti ameongezewa muda na marekebisho ya 2025, wiki ambazo mtoto aliwahi zisile likizo ya kawaida.

Na tafadhali, asisaini kitu chochote anacholetewa kaunta. Fomu ya "kukabidhi vifaa" mara nyingi ina mstari chini kabisa unaosema nimeacha kazi kwa hiari yangu na sina dai lolote. Akilazimika kusaini kuwa amepokea, aandike kwa mkono wake: "Nimepokea, sijakubaliana na yaliyomo", na tarehe.

---

AfyaNaUsalamaKazini

Swali la pili la katibu lina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya.

Usiku. Sheria, kifungu cha 20, inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Viwanda vyenye zamu tatu hudhani kumwondoa mjamzito zamu ya tatu kunatosha, huku wakimwacha zamu ya pili inayoanza saa 8 mchana na kuisha saa 4 usiku. Saa mbili za mwisho ni usiku. Katazo lenyewe linaanza miezi miwili kabla ya kujifungua, kwake ni 15 Septemba, na linaendelea miezi miwili baada ya kujifungua. Kwa hiyo akijifungua siku ya makisio na kurudi 10 Januari, bado haruhusiwi usiku hadi 15 Januari. Siku chache tu, lakini ndizo ratiba huzisahau. Kabla ya 15 Septemba anaweza kuondolewa usiku kama daktari ameandika kwamba hafai kufanya kazi usiku.

Mwelezeni mapema kuhusu pesa. Posho ya usiku, asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, hulipwa kwa saa zilizofanywa usiku. Akihamia mchana posho hiyo inakoma, na huo si ubaguzi. Mshahara wa msingi ukishuka, hilo ni jambo jingine.

Kemikali hazingoji tarehe. Kifungu cha 33 kinamkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mjamzito au anayenyonyesha kufanya kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto, na kinamtaka ampe kazi mbadala inayofaa, ikiwezekana, kwa masharti yasiyo mabaya kuliko aliyonayo. Neno "ikiwezekana" ndilo mlango wa kutokea wa mwajiri, kwa hiyo msiombe "kazi nyepesi" kwa jumla. Tajeni nafasi zilizopo: kubandika lebo, kuhesabu makopo ghalani, maabara ya kupima rangi kama haina mvuke, kuandika kumbukumbu za uzalishaji. Mwajiri atalazimika kueleza kwa nini kila moja haiwezekani.

Cheti cha daktari kikisema "apewe kazi nyepesi" hakina nguvu. Mwanachama aende kwa daktari na majina ya anavyovishika. Kila pipa la kiyeyusho linapaswa kuwa na karatasi ya taarifa za usalama, na sehemu yake ya madhara ya kiafya hueleza kama kemikali inadhuru uzazi au mimba. Kiyeyusho kama toluini, kinachopatikana kwenye tina nyingi, kinajulikana kudhuru kijusi kinapovutwa kwa wingi. Apige picha karatasi hiyo, daktari aione, kisha aandike mambo mahususi: asivute mvuke wa viyeyusho, asiinue ndoo zaidi ya uzito fulani, asisimame zaidi ya saa kadhaa mfululizo, asifanye kazi usiku kuanzia tarehe fulani. Na barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke, msikubali "amepewa barakoa" kama jibu.

Mwajiri asipotekeleza ndani ya siku chache, andikeni kwa Afisa Kazi wa mkoa na nakala OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Hawa wana mamlaka ya kuingia kiwandani na kukagua. Njia hii haihitaji kungoja mkataba uishe.

Kitu kimoja zaidi. Presha ikipanda mwezi wa tisa na akalazwa, msikubali siku hizo zihesabiwe likizo ya uzazi moja kwa moja. Kuna likizo ya ugonjwa, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Yote inategemea daktari ameandika nini. "Apumzike siku 14 kwa ugonjwa" ni likizo ya ugonjwa. "Aanze likizo ya uzazi mapema" inaanza kula zile 84 hapohapo.

---

MtaaWaTatu

Mnazunguka sana. Ubaguzi umeshatokea siku msimamizi alipotamka. Jaza fomu CMA leo, mna siku 60.

---

HojaNaHati

@MtaaWaTatu hizo siku 60 zipo, ila si za kila kitu, na hapa ndipo watu hupoteza haki wakiwa na ushahidi mkononi.

Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, kanuni ya 10: mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi uwasilishwe ndani ya siku 30 tangu kuachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine yote, siku 60 tangu ilipotokea. Kukataliwa mkataba kuongezwa ni kuachishwa kazi kwa mujibu wa kifungu cha 36, kwa hiyo ni 30. Ukihesabu kutoka 30 Septemba, mwisho ni 30 Oktoba. Lakini mwajiri akileta barua mapema, tuseme 1 Septemba, inayosema uamuzi wa mwisho ni kutoongeza, wakili wake atataka siku zihesabiwe kuanzia hapo. Hesabu kutoka tarehe ya mapema kuliko zote uliyo nayo kwenye karatasi, usijipe raha ya ile ya mbele.

Angalia sasa kalenda ya huyu mama: dirisha la siku 30 linaangukia mwezi wa mwisho wa mimba. Andaeni fomu mapema, abaki kusaini tu. Akikwama kabisa, mwakilishi aliyepewa idhini ya maandishi anaweza kumsainia, na hati ya idhini iambatane. Mkichelewa kuna Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, ambapo mtaeleza mmechelewa siku ngapi, kwa nini, shauri lina uzito gani na upande wa pili utaathirikaje. Kulazwa kwa uzazi ni sababu nzuri ikiwa na karatasi za hospitali zinazofunika siku zote za uchelewaji, si siku tatu kati ya ishirini.

Fomu Na. 1 yenyewe ina mtego. Sehemu A ni ya migogoro yote, Sehemu B ni ya nyongeza kwa mgogoro wa kuachishwa kazi pekee. Ukiweka ubaguzi kama mgogoro mmoja na kuachishwa kama mgogoro wa pili kwenye fomu hiyohiyo, unampa mwajiri pingamizi la awali, na shauri linaweza kutupwa kabla ya mtu kusikilizwa. Kwa kesi hii weka alama kwenye kuachishwa kazi, jaza Sehemu B, na kwenye sababu za kutokuwa halali andika kwamba sababu halisi ni ujauzito, kinyume na kifungu cha 37. Ubaguzi unaingia humo kama sababu. Kwenye matokeo unayotaka, andika unachokitaka kweli: kurudishwa kazini bila kupoteza mshahara, au fidia. Kiwango cha fidia kiliguswa na marekebisho ya 2025, kwa hiyo msinakili ile "isiyopungua miezi 12" kutoka kwenye makala za zamani bila kusoma kifungu cha 40 kilivyo sasa.

Fomu kwanza mpelekee mwajiri, pata uthibitisho wa kupokea, ndipo uiwasilishe Tume pamoja na huo uthibitisho, kwenye ofisi ya eneo ambalo mgogoro umetokea. Wengi hufanya kinyume na kurudishwa kaunta siku ya 30 saa 9 alasiri.

Usuluhishi una siku 30. Mlalamikaji asipofika, msuluhishi anaweza kulifuta shauri. Mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kuliamua. Mtoto akiwa mchanga, mwakilishi aende, au mwombe tarehe nyingine kwa barua kabla ya siku yenyewe. Makubaliano yakisainiwa pale yanafunga na yanatekelezwa kama hukumu, kwa hiyo hesabuni kila kipengele kabla ya kusaini: mshahara wa notisi, likizo isiyotumika, malipo ya siku 84, kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, cheti cha utumishi. Usuluhishi ukishindikana linakwenda kwa mwamuzi, na asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi huyo, ana wiki sita za kuomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Kauli ya msimamizi nayo msiiache ipotee. Mwanachama amwandikie leo kwa WhatsApp, kwa adabu: "Kaka, ile ya juzi uliyosema mkataba hautaendelea hadi nijifungue, nimeandikia HR barua, nitaendelea kufuatilia nao." Akijibu "sawa dada" inatosha. Ujumbe ubaki ndani ya simu, msitegemee picha ya skrini pekee.

---

BandariYaKusi

Salamu kutoka Mombasa. Wenzetu wa Kenya mnaosoma uzi huu, msichukue tarehe hizi. Kwetu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 29, inatoa miezi mitatu ya likizo kwa malipo kamili, na taarifa ni ya maandishi siku saba kabla, si miezi mitatu. Ukirudi unarudi kazi ileile au inayofaa isiyo na masharti duni, na likizo ya mwaka haipotei. Kesi inaenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, muda ni miaka mitatu. Na ukitaka kupitia afisa wa kazi kwa kuachishwa isivyo haki, usipitishe miezi mitatu.

---

DawatiLaRasilimali

Na wa Zanzibar vilevile: huko ni Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, likizo ya uzazi ni siku 90, na migogoro haiendi CMA ya Bara. Mtumishi wa umma naye, hata wa Bara, aanze na njia za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kufikiria Tume hii.

---

KatibuTawi

Ahsanteni sana wakuu, barua mbili zinaandikwa kesho. Nina mawili ya ziada. Kuna binti mwingine, ameajiriwa 1 Aprili, yuko kwenye majaribio, mimba miezi mitatu. Akifukuzwa leo ana lolote? La pili, wanaonyonyesha huku wanaambiwa saa za kunyonyesha ni kwa wanaokaa karibu na kiwanda tu.

---

HojaNaHati

Huyo binti hawezi kufungua shauri la kuachishwa isivyo haki, kwa sababu kifungu cha 35 kinawaondoa wenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo. Hiyo haimaanishi hana lolote. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa ujauzito katika sera na taratibu zote za ajira, na "mfanyakazi" humo ni pamoja na anayeomba kazi, kwa hiyo hata kipimo cha mimba wakati wa usaili kinaingia. Akiondolewa, mgogoro wake ni wa ubaguzi: Sehemu A peke yake, siku 60, na asiguse Sehemu B. Ataonyesha mwanzo wa hoja kwamba mimba ndiyo sababu, kisha mwajiri athibitishe kwamba hakuna ubaguzi uliofanyika.

Likizo ya malipo nayo inahitaji miezi sita ya utumishi. Anaifikisha mwishoni mwa Septemba, na kwa mimba ya miezi mitatu sasa hivi atajifungua Januari, kwa hiyo akibaki kazini atakuwa ameshavuka. Mwajiri anajua hesabu hiyo vilevile. Taarifa yake ya likizo inaweza kungoja hadi mapema Oktoba bila kuvunja sharti la miezi mitatu. Kama kazi yake haina kemikali wala usiku, angoje. Kama ziko, afya kwanza, atoe barua sasa.

---

AfyaNaUsalamaKazini

Kunyonyesha: kifungu cha 33 kinasema mwajiri amruhusu mama amnyonyeshe mtoto saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Umbali wa nyumbani haukutajwa, na mwisho kwa miezi haukutajwa. Anayekaa Chamazi na kufanya kazi Barabara ya Nyerere hawezi kwenda na kurudi ndani ya saa mbili, kwa hiyo zoea la wengi ni kuingia saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema, au kutoka saa mbili kabla. Waombe kwa barua, wataje mpangilio wanaoutaka na tarehe ya kuanza, na mshahara usikatwe. Mahudhurio ya kidole yarekebishwe pia, maana mfumo ukiendelea kusoma "ametoka mapema" kila siku, baada ya miezi mitatu kuna mtu atachapa hiyo ripoti na kuiita utoro.